Laktati na Uchovu wa Misuli: Mambo Tunayopaswa Kuyafahamu

Katika viwanja vya shule na vya parokia zetu, kijana anapomaliza mbio huku ameshika magoti na miguu inamtetemeka, mara nyingi husikika mwalimu au mtazamaji akisema kwamba ni asidi imejaa kwenye misuli. Kesho yake kijana huyo anaamka mapaja yakimuuma hata kushuka ngazi kunamshinda, naye anaambiwa kwamba asidi ile haijatoka bado, hivyo akandwe au anywe dawa fulani ili imtoke. Maelezo hayo yamerudiwa kwa vizazi kadhaa, na yamo hata katika vitabu vya zamani vya mazoezi ya viungo. Utafiti wa miongo ya karibuni umeyarekebisha kwa kiasi kikubwa, lakini marekebisho hayo hayajawafikia wengi.

Katika makala hii tunapenda kueleza laktati ni kitu gani, inatoka wapi, na ina sehemu gani katika uchovu wa misuli wakati wa mazoezi makali. Tutaona kwamba kitu kilichoitwa sumu ya misuli kwa muda mrefu ni chakula cha misuli hiyo hiyo, na cha moyo na ubongo pia. Tutaona vilevile kwamba uchovu una sababu zake nyingine, na kwamba kuzifahamu kunatusaidia kuitunza miili yetu na ya vijana tunaowalea.

Mfano wa mbio za mita 800

Tuanze na mfano ulio karibu nasi. Tarehe 9 Agosti 2012, katika Michezo ya Olimpiki jijini London, Mkenya David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Alikuwa mwanadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 1 na sekunde 41 katika mbio hizo. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, bila mtu wa kumwekea mwendo. Mwalimu wake alikuwa Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland wa Shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patriki, aliyefika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya Mtakatifu Patriki, naye hakuwa na mafunzo yoyote ya ukocha alipofika huko.

Tukizitazama saa za mbio hizo tunaona jambo la kutafakarisha. Mzunguko wa kwanza Rudisha aliumaliza kwa sekunde 49.28, na wa pili kwa sekunde 51.63. Kwa hiyo hata yeye, katika siku yake iliyo bora kuliko zote, alipungua kasi kwa zaidi ya sekunde mbili. Hakupunguza kwa kupenda. Misuli yake haikuweza tena kutoa nguvu ile ile. Mbio za mita 800 ni ndefu mno kukimbiwa kwa kasi yote aliyo nayo mtu, na ni fupi mno kukimbiwa kwa utulivu, kwa hiyo zinausukuma mwili katika pande zote mbili kwa pamoja. Mtu aliyepumzika huwa na takriban milimoli 1 ya laktati katika kila lita ya damu yake. Baada ya mbio kama hizi, kwa wanariadha wa kiwango cha juu, kiasi hicho huweza kupita milimoli 15. Ndiyo maana wengi walihitimisha kwamba laktati ndiyo inayowachosha.

Misuli inapata wapi nguvu zake

Ili tuelewe kosa la hitimisho hilo, yatupasa kwanza kufahamu misuli inavyopata nguvu. Kila uzi wa msuli hutumia kemikali iitwayo adenosini trifosfeti, au kwa kifupi ATP. Akiba ya ATP ndani ya msuli ni ndogo mno, haitoshi zaidi ya sekunde chache za kazi kali, hivyo ni lazima mwili uiunde upya bila kukoma. Kwanza hutumika kemikali nyingine iitwayo kreatini fosfeti, ambayo huweza kuhimili mbio za kasi kwa sekunde kama kumi hivi. Wakati huo huo msuli huvunjavunja sukari yake, yaani glukosi pamoja na glikojeni, ambayo ni sukari iliyowekwa akiba ndani ya msuli wenyewe. Mwisho kuna njia ya oksijeni, ambayo hufanyika ndani ya vyumba vidogo vya seli viitwavyo mitokondria. Njia hii hutoa nguvu nyingi zaidi, ila haina haraka.

Sukari inapovunjwa hutoa kitu kiitwacho piruvati. Mtu akitembea polepole, piruvati nyingi huingia katika mitokondria na kumalizikia huko. Akikimbia kwa nguvu, piruvati hutengenezwa kwa kasi kuliko uwezo wa mitokondria kuipokea, na ile inayozidi hubadilishwa kuwa laktati. Badiliko hilo lina faida kubwa, kwa maana humrudishia msuli kemikali inayohitajika ili uvunjaji wa sukari uendelee. Pasipo laktati kuundwa, kazi hiyo ingesimama ndani ya muda mfupi sana, na mkimbiaji angesimama nayo.

Tena ieleweke kwamba laktati haiundwi kwa sababu tu oksijeni imekwisha. Hata sasa, ndugu msomaji, ukiwa umeketi unasoma, mwili wako unaiunda. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria kabisa, kwa hiyo huunda laktati usiku na mchana katika maisha yao yote.

Jinsi laktati ilivyopata jina baya

Historia ya jambo hili inaanza na maziwa. Mwaka 1780 mkemia Carl Wilhelm Scheele, huko Sweden, aliipata asidi katika maziwa yaliyochacha, na kwa sababu hiyo ikapewa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya maziwa. Ndiyo asidi hiyo hiyo inayoutia mtindi ukali wake, na pia mursik, maziwa ya kibuyu ya Wakalenjin ambayo wanariadha wa Kenya hupokelewa nayo warudipo nyumbani na medali. Mwaka 1807 Jöns Jacob Berzelius, naye wa Sweden, alitangaza kwamba ameikuta ndani ya misuli ya wanyama.

Miaka mia moja baadaye, yaani mwaka 1907, Walter Fletcher na Frederick Gowland Hopkins wa Cambridge walichapisha uchunguzi wao juu ya misuli ya chura. Walionyesha kwamba msuli uliotengwa na mwili, ukishtuliwa tena na tena pasipo oksijeni, hujaza asidi ya laktiki na kuchoka, na kwamba asidi hiyo hupungua oksijeni inaporudishwa. Kisha Archibald Vivian Hill wa Uingereza na Otto Meyerhof wa Ujerumani wakaendeleza kazi hiyo kwa undani, hata wakapewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922. Kutokana na heshima ya kazi hizo wazo likakita mizizi: oksijeni ikipungua asidi ya laktiki huundwa, na asidi hiyo ndiyo inayouzuia msuli.

Uchunguzi wenyewe ulikuwa wa kweli. Tatizo lilikuwa katika hitimisho. Mambo mawili yakionekana mahali pamoja kwa wakati mmoja, haifuati kwamba moja limesababisha lingine. Zima moto hukutwa kila palipo na nyumba inayoungua, lakini hakuna mwenye busara anayewashitaki kwa kuichoma. Laktati ilikutwa kila mara mahali pa tukio la uchovu, ikahukumiwa kwa kuwapo kwake tu. Zaidi ya hayo, msuli wa chura uliokatwa na kuwekwa mezani hauna damu ya kuichukua laktati kuipeleka kwingine. Kilichoonekana pale kilikuwa nusu ya habari.

Ushahidi uliobadili hukumu

Mwaka 1930 Mdenmaki Einar Lundsgaard aliitia misuli ya chura kemikali inayozuia sukari isivunjwe, hivyo laktati haikuweza kuundwa. Misuli hiyo iliendelea kujikunja kwa muda, kisha ikachoka na kukakamaa. Ilichoka bila laktati.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa mgonjwa. Mwaka 1951 daktari Mwingereza Brian McArdle alieleza habari za mtu ambaye misuli yake ilimuuma na kumkakamaa hata kwa kazi nyepesi. Alipompima baada ya mazoezi, aliona kwamba laktati katika damu yake haikupanda kama ilivyo kwa watu wengine. Baadaye ilifahamika kwamba wenye ugonjwa huo, ambao leo huitwa kwa jina la daktari huyo, hawana kimeng'enya cha kuvunja glikojeni ya misuli. Kama laktati ingekuwa ndiyo chanzo cha uchovu, watu hawa wangepaswa kuwa wakimbiaji wasiochoka. Kumbe wao huchoka mapema kuliko wote.

Wakati huo huo ilianza kufahamika laktati inakokwenda. Mwaka 1929 Carl na Gerty Cori, mume na mke waliofanya kazi Marekani, walieleza jinsi laktati inavyosafiri kwa damu kutoka kwenye misuli hadi kwenye ini, ambako hugeuzwa kuwa glukosi na kurudishwa katika damu ili itumike tena. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1947, na Gerty akawa mwanamke wa kwanza kuipata katika fani ya tiba. Kuanzia miaka ya 1980, George Brooks wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley alionyesha kwamba safari za laktati ni nyingi kuliko hiyo. Laktati iliyoundwa na nyuzi za misuli zenye kasi huliwa na nyuzi za jirani zenye kazi ya polepole. Nyingine huenda kwenye moyo, ambao huitumia kwa wingi wakati wa mazoezi. Nyingine huenda kwenye ubongo. Ni sawa na nyumba yenye chakula kilichozidi, inapompelekea jirani ambaye jiko lake halijawashwa.

Basi, misuli huchoshwa na nini?

Wataalamu wanakubaliana kwamba uchovu wa mazoezi makali hauna chanzo kimoja. Tutaje vile vilivyo vikubwa.

Cha kwanza ni fosfeti. Kreatini fosfeti inapovunjwa ili kuunda ATP, huacha fosfeti nyingi ndani ya uzi wa msuli. Fosfeti hizo hupunguza nguvu ya zile sehemu ndogo zinazovutana ili msuli ujikunje, tena huzuia kutolewa kwa kalsiamu, ambayo ndiyo ishara ya kuuambia msuli ujikunje. Kwa watafiti wengi, hiki ni miongoni mwa visababishi vikuu.

Cha pili ni potasiamu. Kila msuli unapojikunja, potasiamu kidogo hutoka nje ya uzi. Mijikunjo ikiwa mingi na ya haraka, potasiamu hurundikana nje, na ishara ya umeme inayotoka kwenye neva hudhoofika kabla ya kuufikia msuli wote.

Cha tatu ni asidi yenyewe, yaani ayoni za haidrojeni, na hapa inatupasa kutofautisha. Katika mwili wa mwanadamu, karibu yote iliyoitwa asidi ya laktiki ipo katika umbo la laktati, ambalo si asidi. Ni kweli kwamba wakati wa mazoezi makali asidi huongezeka ndani ya msuli, na laktati hupanda pamoja nayo. Lakini hatua ile ya kuigeuza piruvati kuwa laktati hutumia ayoni ya haidrojeni, haiongezi nyingine. Aidha, majaribio ya baadaye, yaliyofanywa kwa misuli ya mamalia katika joto lililo karibu na la mwili, yalionyesha kwamba asidi hupunguza nguvu ya msuli kidogo kuliko ilivyodhaniwa kutokana na misuli iliyopimwa katika baridi.

Hata hivyo, haki ni kusema ukweli wote. Laktati, ikiwa pamoja na asidi na ATP iliyovuja nje ya seli, huamsha neva zinazoupelekea ubongo habari za hali ya msuli. Ule uzito na mwako wa miguu katika mita mia za mwisho, kwa sehemu, ni habari hizo. Kwa hiyo laktati imo miongoni mwa wajumbe wanaoutangaza uchovu, ingawa haikuuleta.

Cha nne ni ubongo. Unapopokea habari hizo za misuli, pamoja na za joto na za kupumua, ubongo hupunguza amri unazozituma kwenye misuli. Na katika mazoezi ya muda mrefu, kama marathoni au kulima kutwa nzima, huongezeka kisababishi cha tano, nacho ni kupungua kwa glikojeni, yaani akiba ya sukari.

Maumivu ya kesho yake

Laktati iliyopanda wakati wa mazoezi hurudi katika kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi, na huondoka upesi zaidi mtu anapoendelea kutembea au kukimbia taratibu, kwa kuwa misuli inayofanya kazi nyepesi huila. Maumivu ya misuli tunayoyajua sote huanza saa nyingi baadaye, na hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Kitu kilichokwisha kuondoka jana hakiwezi kuwa chanzo cha maumivu ya keshokutwa.

Chanzo chake ni majeraha madogo sana katika nyuzi za misuli, pamoja na uvimbe unaofuata mwili unapojitengeneza. Majeraha hayo hutokea hasa msuli unapofanya kazi huku unarefuka, kama wakati wa kuteremka mlima. Ndiyo maana mtu anayeshuka mlima mrefu huumwa mapaja kuliko aliyeupanda, ijapokuwa aliyepanda ndiye aliyehema zaidi na kuunda laktati nyingi zaidi.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na hayo yote tunapenda kuwashauri wasomaji wetu, hususan walezi wa vijana na walimu wa michezo, mambo yafuatayo.

Kwanza, asiuziwe mtu dawa wala kinywaji cha kutoa asidi mwilini baada ya mazoezi. Mwili huifanya kazi hiyo wenyewe, tena bila malipo. Kukandwa kunaweza kumpa mtu nafuu na faraja, ila hakukamui laktati.

Pili, kijana amalizapo mbio kali asianguke na kulala papo hapo. Atembee au akimbie polepole kwa dakika kumi hivi. Hilo humsaidia kuitumia laktati yake na kuituliza mioyo na mapigo yake hatua kwa hatua.

Tatu, mazoezi yaongezwe kidogo kidogo. Kwa wiki na miezi ya mazoezi ya kudumu, mitokondria huongezeka, mishipa midogo ya damu huongezeka, na milango inayoingiza na kutoa laktati katika seli huongezeka pia. Mwanariadha aliyeandaliwa vizuri huunda laktati kwa wingi, na huitumia kwa wepesi. Kwa hiyo kijana asiadhibiwe kwa kukimbizwa mpaka aanguke kwa madai ya kuizoeza misuli yake asidi.

Nne, mama au baba aliyeanza mazoezi kwa ushauri wa daktari kwa ajili ya kisukari au shinikizo la damu, asiyaache kwa sababu ya maumivu ya siku mbili za mwanzo. Maumivu ya aina hiyo hupoa yenyewe, na zoezi lile lile likirudiwa baada ya siku chache huuma kidogo kuliko mara ya kwanza. Lakini maumivu ya kifua, kuzimia, au mkojo wenye rangi nyeusi kama chai ya rangi baada ya kazi nzito si mambo ya kungoja. Mtu aende hospitali mara moja.

Laktati kwa mgonjwa

Tusingependa mtu asome makala hii kisha asikie hospitalini kwamba laktati ya mgonjwa wake ipo juu, akadhani ni jambo dogo. Kwa mkimbiaji, laktati hupanda kwa sababu anayoijua na hushuka ndani ya saa moja. Kwa mtu aliyelala kitandani, laktati iliyopanda ni onyo kwamba huenda damu haivifikii viungo vya kutosha, au maambukizi yameenea mwilini, au ini limeshindwa kazi yake. Katika malaria kali, hasa kwa watoto, ni mojawapo ya dalili za hatari, na mara nyingi huambatana na mtoto kupumua kwa kina na kwa taabu. Mzazi akiona mtoto mwenye homa anapumua namna hiyo, asingoje asubuhi. Hapa pia laktati ni mjumbe, na waganga huipima ili waufahamu mapema ugonjwa uliojificha nyuma yake.

Hitimisho

Wapendwa wasomaji, karibu karne moja ilipita tangu Fletcher na Hopkins waitazame misuli ya chura hadi laktati ilipoanza kutambuliwa na wengi kuwa chakula na mjumbe. Waliosaidia kuirekebisha hukumu hiyo ni wale waliokubali kuuliza tena swali lililodhaniwa kuwa limekwisha kujibiwa, akiwamo daktari mmoja aliyemsikiliza mgonjwa ambaye maumivu yake hayakulingana na mafundisho ya wakati ule. Walimu wa michezo katika shule na parokia zetu, mnapowaona vijana wameshika magoti mwishoni mwa mbio, wapeni maji, watembezeni taratibu, na waelezeni ukweli huu kwa lugha wanayoielewa.